Mifuko Thelathini na Mmoja

Jino lake la mbele, la juu kushoto, halikung'oka kwa ugonjwa. Lilitolewa na mdogo wake kwa mfuniko wa ndoo, mmoja akiwa na miaka kumi na minne na mwingine kumi na miwili, wakigombania nani akinge maji kwanza. Mtaani yule dada mkubwa walimwita Chuma, kwa sababu ya mabega yake, na mdogo mtu wakamwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba na alichoma. Majina hayo yaliwaganda mpaka ndugu zao wenyewe wakasahau yale waliyopewa na wazazi.

Mama yao alikuwa akifulia watu nguo majumbani, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Hakujua kukaripia mara mbili. Karipio la kwanza lilitoka mdomoni, la pili lilitoka kwa chochote kilichokuwa karibu: mwiko, kandambili, shuka mbichi iliyosokotwa. Ukirudi nyumbani unalia kwamba umepigwa, alikuongezea.

"Aliyekupiga ana mikono mingapi?" aliuliza. "Miwili? Na wewe unayo mingapi?"

Basi wasichana wale walikua wakijua hesabu hiyo kabla ya nyingine zote. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa hawa wawili majirani walisema, weka jembe chini, tafuta kamba uwafunge. Sindano alimmwagia dada yake uji wa moto mgongoni, na kovu lake lipo hadi leo, limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Chuma naye alimbania kidole cha mwisho mlangoni makusudi, na kidole hicho hakikunyooka tena. Siku ya tatu ya msiba wa mama yao walipigana chumbani juu ya kanga mbili za marehemu, wakatokea mbele ya waombolezaji mmoja akivuja damu puani, mwingine nusu ya nywele zake zikiwa mkononi mwa mwenzake. Lakini ole wake mtu wa nje aliyemgusa mmoja wao. Kijana mmoja aliyemshika Sindano pasipostahili alizamishwa kichwa kwenye mtaro na Chuma, na alipoinuliwa apumue, Sindano mwenyewe alikuwa amesimama na tofali.

Chuma aliwahi kuolewa. Mumewe alimpiga kofi moja tu katika ndoa yao yote. La pili hakupata nafasi. Kigoda kilimvunja mfupa wa bega, akaondoka na begi lake mkono mmoja, na Chuma akarudi kukaa peke yake bila majuto yoyote ambayo mtu aliyaona.

Kazi aliipata kwenye klabu ya michezo yenye ukumbi, viwanja viwili vya tenisi na bwawa la kuogelea. Alianza kwa kufagia. Fundi wa bwawa, mzee asiyependa maneno, aliona mwanamke huyu anabeba gunia peke yake na haogopi namba, akaanza kumfundisha: hivi ndivyo pampu inavyolia ikiwa imevuta hewa, hivi ndivyo unavyosafisha kichujio, hapa ndipo unapochota maji ya kupima. Mzee alipostaafu, bwawa likawa la Chuma. Alikaa nalo miaka kumi na moja. Shule aliishia darasa la saba, lakini vipimo vya bwawa lile alivijua kama jina la mama yake: urefu mita ishirini, upana nane, kina cha wastani mita moja na nusu, yaani lita laki mbili na elfu arobaini. Kuogelea hakujua, wala hakutaka kujua.

"Mimi ndiye daktari," alisema. "Daktari halali kitanda cha mgonjwa."

Sindano ndiye aliyesoma. Alimaliza sekondari na alama nzuri, akafanya kazi ofisi ya uchapaji mpaka ikafungwa. Alipokaa nyumbani mwaka mzima akinuna, Chuma alimwendea meneja wa klabu na kumsumbua wiki mbili mfululizo, hadi mdogo wake akapewa kazi ya kutunza stoo. Miaka miwili walifanya kazi mahali pamoja bila kugusana. Waliheshimu sare. Wakiwa na ugomvi waliusubirisha mpaka nyumbani, kama mtu anavyosubirisha njaa.

Kisha klabu ikaamua kuligeuza bwawa liwe la maji ya chumvi. Waogeleaji walikuwa wamechoka kutoka majini na macho mekundu, na meneja alichoka kupokea madumu ya klorini yaliyokuwa yakitoboa sakafu ya stoo. Ukaletwa mtambo mdogo, ukafungwa kwenye bomba baada ya kichujio. Kazi yake ni kuchukua maji yenye chumvi kidogo na kuyapitisha kwenye umeme, nayo chumvi inatoa klorini yenyewe, polepole, usiku na mchana. Chumvi hiyo si ya kufanya maji yawe kama ya bahari. Mtambo ulitaka sehemu elfu tatu na mia mbili katika kila milioni, kiasi ambacho ulimi unakisikia kwa mbali tu. Ikipungua, mtambo haufanyi kazi. Ikivuka elfu nne na mia tano, unajizima ili usiungue.

Mtambo ulikuja na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na jedwali. Sindano alilisoma, akaagiza chumvi: mifuko thelathini na mmoja, ya kilo ishirini na tano kila mmoja. Ilipopangwa stoo ilifika darini.

Chuma hakulisoma jedwali. Alichukua kipimo chake cha mkononi, akakilinganisha kwanza na maji ya chupa ndogo ambayo chumvi yake inajulikana, akachutama kando ya bwawa mbali na mdomo wa bomba linaloingiza maji, akazamisha mkono hadi kiwiko, akachota. Alirudia upande wa pili, na tena kwenye kina kirefu. Kote kipimo kilisoma namba ile ile: elfu moja na mia nne.

Walikutana ofisini kwa meneja. Huyu alikuwa mwanamume mnene, mpole, anayeogopa kelele.

"Bosi, bwawa tayari lina chumvi," Chuma alisema. "Miaka kumi na moja natia klorini ya maji na asidi, na vyote vinaacha chumvi. Maji yanakauka na jua, chumvi inabaki. Hatuhitaji mifuko thelathini na mmoja. Ni kumi na saba."

"Kitabu kinasema thelathini na mmoja," alisema Sindano.

"Kitabu kinasema hivyo kwa maji mapya."

"Kitabu kimeandikwa na wahandisi. Hicho kimashine chako kimeanguka mara ngapi?"

"Kimeanguka. Na kila kikianguka nakilinganisha."

"Unalinganisha na chupa iliyokwisha muda wake. Nimeona tarehe, Dada. Niko stoo, naona kila kitu."

Hilo lilikuwa kweli, na Chuma hakulijua. Hata hivyo akasema, "Ukitia pungufu, unaongeza. Ukizidisha, hakuna dawa ya kuitoa chumvi. Ni kumwaga maji tu."

"Sasa mtu wa darasa la saba ndiye atanifundisha hesabu mimi?"

Chuma aliipiga meza ngumi, kikombe cha meneja kikaanguka na kumwagika juu ya makaratasi. "Jamani, jamani," alisema meneja, akiinua mikono kama mtu anayeporwa. Aliamua kwamba mtu asiguse mfuko hata mmoja. Chuma aende kesho anunue chupa mpya ya kulinganishia, kipimo kihakikiwe mbele ya wote, ndipo waamue.

Asubuhi yake Chuma alikwenda. Duka lililouza vitu hivyo lilikuwa upande mwingine wa mji, akachelewa. Meneja naye aliitwa kikaoni. Sindano akabaki na stoo yake, na watu wanaomfahamu wanasema alikaa pale saa nzima akitazama mifuko. Kama ni kumi na saba, basi kumi na minne ilikuwa ujinga wake uliopangwa mpaka darini, kila anayeingia auone. Akawaita walinzi wawili, akawaambia amri imetoka juu. Wakaanza kubeba.

Chuma alirudi karibu saa sita, chupa mpya mfukoni. Aliona mifuko mitupu imetupwa ukingoni kama ngozi za mbuzi. Chini ya maji chumvi ilikuwa imelala bado haijayeyuka, nyeupe, vilima vilima. Mfuko mmoja tu ndio uliobaki, na Sindano alikuwa ameuinamia akiuchana kwa kisu cha stoo.

"Acha hapo!"

Sindano hakuinua uso. "Umechelewa, Dada. Kazi imeisha."

Chuma aliushika mfuko, Sindano akauvuta, ukapasuka ukamwagika miguuni mwao. Kofi la kwanza lilitoka kwa Chuma, na lilisikika mpaka viwanja vya tenisi. Sindano alipepesuka, akarudi na kichwa mbele, akamgonga kidevuni hata meno yakauma ulimi. Mlinzi kijana alijitia katikati akapokea kiwiko cha pua, akaketi chini huku akitema damu. Mlinzi mzee alikuwa na akili zaidi. Alikimbia kutafuta watu.

Miaka miwili ya kuheshimu sare ililipuka pale. Walikamatana makoo. Chuma alimbamiza mdogo wake kwenye ukuta wa chumba cha pampu mara moja, mara mbili, na Sindano akamng'ata bega kupitia shati. Ndipo mkono wa Sindano, ule wenye kisu, ukapita. Labda alisahau kwamba amekishika, labda hakusahau. Yeye mwenyewe hajawahi kusema. Kisu kilimchana Chuma mkono wa kushoto kutoka karibu na kiwiko hadi juu ya kifundo, nyama ikafunguka kama mdomo. Na mkono ule ulikuwa umejaa vumbi la chumvi.

Chuma alipiga ukelele ambao walinzi walisema si wa mtu. Alinyoosha mkono mzima nyuma yake, ukagusa fimbo ndefu ya brashi ya kusugulia bwawa, akaizungusha kwa nguvu ya mabega yale yaliyompa jina. Ilimpata Sindano juu ya sikio la kulia. Ulitoka mlio mdogo, mkavu. Macho ya Sindano yalibaki wazi, lakini hayakuwa yakitazama kitu. Akaenda nyuma hatua tatu kama mtu anayetafuta kiti, akaanguka bwawani.

Hakupiga mbizi wala hakutapatapa. Alizama polepole mpaka akalala juu ya chumvi, na utepe mwekundu ukapanda kutoka kwenye nywele zake.

Na Chuma akasimama.

Alisimama ukingoni, fimbo mkononi, akihema, akamtazama. Ndani ya kichwa chake sauti ilikuwa ikihesabu. Moja. Mbili. Haikuwa na haraka. Tatu. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote: alikuwa ametulia kabisa, kama anavyotulia akisubiri kipimo kisome. Nne.

Kisha akatupa fimbo, akashuka ngazi za bwawa akiwa na viatu vyake. Mahali pale maji yalimfika kidevuni, naye hakujua kuogelea. Akatembea juu ya vilima vya chumvi vinavyoteleza, akimeza maji, mkono uliochanwa ukiwaka moto kiasi kwamba aliona giza. Alimshika mdogo wake kwa nywele. Alimburuta hivyo hivyo mpaka kwenye ngazi, na hapo mlinzi kijana na watu walioletwa na mwenzake wakamsaidia kumtoa. Alimpindua kifudifudi, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, akipiga kelele, "Tema! Tema, mpumbavu wewe! Tema!" Sindano alitapika maji, akavuta pumzi moja yenye mkwaruzo. Sikioni damu haikukoma.

Siku tatu Sindano hakuamka. Madaktari walisema mfupa nyuma ya sikio umepasuka. Chuma alishonwa nyuzi ishirini na mbili, na kutoka chumba cha kushonea alipelekwa mahabusu moja kwa moja, nguo zake zikiwa zimekauka na kukakamaa kwa chumvi.

Askari wa upelelezi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Siku ya tano alikwenda hospitali kuandika maelezo ya Sindano, aliyekuwa ameamka lakini akigeuza kichwa dunia inazunguka.

"Niliteleza," Sindano alisema. "Sakafu ilikuwa na chumvi."

"Na dada yako alikatwa na nani?"

"Naye aliteleza."

Askari alirudi kituoni, akamwita Chuma. "Mdogo wako anasema aliteleza."

"Muongo. Nilimpiga na fimbo ya brashi, afande. Andika."

"Mama, unajua unachokisema? Yeye anakutoa, wewe unajirudisha."

"Sijamwomba anitoe."

Askari alivua miwani, akapangusa macho. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Sijaona watu wanaogombana hata kwenye uongo wa kusaidiana." Akaandika yote mawili. Lakini kuhusu ile hesabu, Chuma hakumwambia askari, wala hakimu, wala mtu yeyote wakati huo.

Hakimu alimpa kifungo cha nje cha miezi sita: kila siku asubuhi adeki korido za hospitali, ile ile aliyolazwa mdogo wake. Klabu iliwafukuza wote wawili kwa barua moja. Sindano alitoka hospitali sikio la kulia limekufa. Akiinuka haraka alianguka, na ngazi hakuweza kuzipanda bila kushika kitu. Bila mshahara kodi ya chumba ilimshinda, hakuwa na pa kwenda. Chuma alihamisha kitanda chake sebuleni, akampa chumba.

Bwawa nalo halikupona. Maji yalipochanganyika, mtambo uliwasha taa nyekundu ukajizima. Wakaletwa mafundi wawili. Mmoja alisema mtambo ni mbovu, mwingine akasema umeme ni mdogo. Maji yakaanza kuwa ya kijani. Mwisho meneja alikuja mwenyewe nyumbani kwa Chuma, akasimama mlangoni akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Najua sina haki ya kukuomba," alisema.

"Kweli huna," Chuma alisema, akavaa viatu.

Kipimo chake kilikuwa kimekanyagwa siku ya ugomvi, kikapasuka kioo. Alitumia vijiti vya karatasi, vile unavyosimamisha kwenye kikombe cha maji na kusubiri mstari mweupe upande hadi kwenye namba ya chumvi. Alichota sehemu tatu. Sehemu ya tatu ilikuwa pale pale Sindano alipozama. Mkono ulipozama maji yakagusa kovu lililokuwa bado changa, akafumba macho kidogo, akachota. Mistari yote ilisimama mahali pamoja: elfu nne na mia sita.

"Mwaga karibu theluthi ya maji," alimwambia meneja. "Jaza mapya. Endesha pampu siku nzima, halafu pima. Usiongeze chumvi hata kijiko."

Baada ya siku nne taa nyekundu ilizimika, ikawaka ya kijani. Kazi hawakumrudishia, na yeye hakuiomba. Kifungo kilipoisha alianza kuzunguka kwenye nyumba zenye mabwawa, akipima na kusafisha, na wateja walimpenda kwa sababu hakutia kitu kabla ya kupima.

Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu. Sindano alikuwa mgonjwa mwenye sumu. Alisema chai ni ya moto, ni baridi, ina sukari ya masikini. Alirusha kikombe. Chuma aliokota vigae. Siku moja mchana Sindano alimpiga kofi, kofi kamili la usoni, kwa sababu Chuma alimsemesha upande wa sikio bovu. Mkono wa Chuma uliinuka wenyewe hadi usawa wa bega. Ukabaki hapo. Akaushusha.

"Nipige," alisema Sindano.

"Sikupigi."

"Nipige, nimesema! Toka nirudi hapa hunigusi, hunitukani, unaniokotea vikombe kama bibi kizee. Unanionea huruma. Bora ungeniua kuliko kunionea huruma!"

"Si huruma."

"Ni nini basi? Kwa sababu mimi ni kiziwi?"

Chuma aliketi kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wao alizungumza na mdogo wake akitazama sakafu. "Siku ile ulipokuwa chini ya maji," alisema, "sikuja mara moja. Nilisimama nikakutazama. Nilihesabu mpaka nne, ndiyo nikashuka."

Sindano alikuwa amegeuza sikio zima. Alisikia. Kidole chake kilichopinda kilisugua ukingo wa meza.

"Nne," alisema.

"Nne."

"Mimi ningehesabu mpaka kumi."

Chuma alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania, na wote wawili walijua. Halafu kitu kikawashika, si kicheko wala si kilio, na Sindano akaweka kichwa juu ya meza mabega yakitikisika, na Chuma akaweka mkono wake mgongoni mwa mdogo wake, mzito, bila kuusogeza.

Hawakupigana tena baada ya hapo, ingawa ndimi zao hazikustaafu. Sindano alipata kazi ya kuandika barua na fomu za watu kwenye duka la vifaa vya shule, akapanga chumba mitaa mitatu mbele, ghorofa ya pili. Siku ya kuhama Chuma alibeba godoro kichwani, Sindano akamfuata nyuma, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika mkanda wa suruali ya dada yake ili asianguke. Kwenye kona ya ngazi godoro likakwama.

"Lisimamishe," alisema Sindano.

"Likisimama litagusa taa."

"Halitagusa. Umelipima?"

Chuma alilishusha godoro, akalitazama, akatazama kona. Kisha akachukua kipande cha kamba mfukoni, akaanza kulipima.